Watoto Wasio na Kilo

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo na mimi nimeanza daftari. Marehemu mama alikuwa akisema mwanamke asiye na mume wa kumsemesha jioni atafute kitu kingine cha kusemesha. Nimepata hili, la soko la Nyawera, lenye picha ya twiga kwenye jalada. Tutaona nani atachoka kwanza, mimi au twiga.

Kwa siku nitakapokuwa nimezeeka na kusahau: naitwa Domitille, nina miaka thelathini na minane, ninaishi Bagira, hapa Bukavu, na kazi yangu iko Kavumu, uwanja wa ndege, katika ofisi ya kampuni yenye ndege moja. Ndege yenyewe ni Antonov ya mwaka 1968, mabawa mawili kila upande, moja juu ya lingine. Tunaiita Koko, kama mtu anavyomwita bibi yake. Ikiwashwa inakohoa moshi mpaka wapakiaji wanafanya ishara ya msalaba. Inapeleka sabuni, unga na chumvi Shabunda, maana barabara ya Shabunda imebaki jina tu.

Mimi ndiye ninayeandika manifesti, karatasi inayosema nani amepanda, nini kimepakiwa, kilo ngapi. Sheria ya bosi wetu, Papa Adalbert, ni nyepesi: mzigo unapimwa, mtu hapimwi. Mtu mzima ninamwandikia kilo sabini, awe mwembamba kama mwiko au mnene kama mteja wetu Maman Chantal. Mtoto wa mgongoni hana kilo. Ninaongeza tu "bb" mbele ya jina la mama yake, yaani bebe.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Koko haikuruka. Nimesukwa nywele.

Jumamosi, 21 Septemba

Leo nimecheka mpaka mbavu zikauma. Maman Chantal, mfanyabiashara wa Nyawera, mzaliwa wa Shabunda, alikuja amebeba mtoto mgongoni. Ana miaka arobaini na minne, na kwa hesabu yangu huyu ni mtoto wa tatu tangu Juni. Alipogeuka nikaona mtoto ana pembe. Nikamgusa. Mgumu kama ukuta.

"Maman Chantal, huyu mutoto ananyonyaka?"

"Ananyonya sana, Domitille. Ule wa kwanza ilikuwa sabuni, huyu ni betri ya gari."

Na si yeye peke yake. Bamaman, akina mama wa biashara, karibu wote wanavaa vikwembe vya kuuza, vitenge vinne, vitano, kimoja juu ya kingine, na mgongoni wanafunga "mtoto" wa kilo kumi, kumi na mbili. Kila kilo ya mzigo inalipiwa, mtoto halipiwi. Nani mwenye moyo wa kumfungua mtoto wa mwenzake kwenye baridi ya asubuhi? Mimi sina. Nikaandika "bb" kwa maandishi mazuri, akaniachia kipande cha sabuni. Tukaagana kama ndugu.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua tangu Jumamosi. Magunia yanafika Kavumu yakiwa yanachuruzika maji. Tunaandika uzito wa jana, wa ghala, yalipokuwa makavu.

Jumatano, 9 Oktoba

Captain Raphaël amekuja ofisini na kofia mkononi. Ni rubani wetu kwa miaka sita, mtu mpole, hazungumzi sana, viatu vyake vinang'aa hata kwenye matope. Bamaman walikuwa wamejaa wakingoja karatasi zao.

"Domitille, mvua iko nazidi. Magunia yanakunywa maji, Koko inachoka pa mulima. Tuanze kupima na batu. Ata mara moja tu, tujue."

Nikamjibu mbele ya wote: "Captain, bamaman si mbuzi ya soko. Kama unapenda kupima bamuke ya batu, anza na wa kwako."

Ofisi nzima ilipasuka kwa kicheko. Maman Chantal alinipiga begani. Captain alitazama kofia yake, akatabasamu kidogo, akatoka. Jioni hii bado nafurahia maneno yangu.

Jumapili, 13 Oktoba

Misa. Mvua. Maharage.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nitaandika polepole.

Asubuhi ilikuwa nyeusi. Walipanda bamaman wanne, Maman Chantal mbele, wote wamejaa kama mitungi, wote na mtoto mgongoni. Niliandika "bb" mara nne. Captain aliwatazama, akanitazama mimi, akauliza, "Yote iko sawa?" Nikasema, "Yote sawa, Captain." Akatia saini.

Koko ilipanda, ikapotea kwenye mawingu ya upande wa mlima Kahuzi. Baada ya dakika kumi na moja tukasikia moteri inarudi, chini sana, inakohoa. Haikufika uwanjani. Iliangukia upande wa Mudaka, ikakata mikaratusi, ikateleza shambani na kusimama kwenye kinamasi bondeni. Tumbo lake lilipasuka na mizigo ikatapakaa ndani ya maji.

Wote wazima! Captain amevunjika mkono. Maman Chantal mbavu mbili. Wengine watatu wana majeraha na meno yaliyovunjika. Simu iliponiambia hivyo nilipiga magoti palepale kwenye sakafu ya ofisi nikamshukuru Mungu kwa sauti, na ningebaki palepale magotini ingekuwa heri.

Maana saa tisa alikuja Hervé, jirani yangu wa Bagira, mtangazaji wa redio. Alipiga picha manifesti kwa simu yake kabla sijamkatalia.

"Domitille, hii 'bb' njo nini?"

"Bebe."

"Bebe nne? Bamaman nne beko ku hospitali. Na bebe beko wapi?"

Papa Adalbert alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona akitikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mafupi: Hervé, ni betri. Badala yake nilisema:

"Nilichoandika, nimeandika."

Usiku huu nimekumbuka ni nani katika Injili aliyesema hivyo: yule aliyenawa mikono.

Jumamosi, 19 Oktoba

Redio ya Hervé, habari za asubuhi: "Watoto wanne wachanga hawajulikani walipo kufuatia ajali ya ndege ya kivita ya zamani." Koko haijawahi kuona vita, ilinyunyiza dawa mashambani huko ilikotoka. Saa sita redio nyingine ikasema watoto ni sita na ndege ililipuka angani. Jioni simu ya jirani ilikuwa na picha ya ndege kubwa inayowaka moto, yenye moteri nne, na mitende nyuma yake. Mitende, kwenye baridi yetu ya Kabare! Chini waliandika: Mungu tuhurumie Bukavu.

Nilizima taa mapema. Watu wa Bagira walikuwa wanaimba uwanjani, wamewasha mishumaa minne.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda hospitali. Mbele ya chumba cha bamaman kuna foleni ya watu. Akina mama wa kwaya, wanafunzi, masista, kila mtu na uji wake katika thermosi. Wanaingia, wanalia, wanawashika bamaman mikono. Nao bamaman wanalia. Sikujua kama walikuwa wanalia kwa mbavu, kwa hofu, au kwa aibu kama yangu. Mmoja amejifunika shuka uso mzima tangu juzi, na watu wanasema huyo ndiye mwenye uchungu zaidi.

Nilipoinama kwa Maman Chantal alinishika mkono kwa nguvu.

"Ukisema, tunaenda mu gereza siye bote. Na weye wa kwanza."

"Na kama batu banauliza?"

"Banauliza nini? Banaleta uji."

Nilirudi nyumbani na hasira, kana kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu.

Jumanne, 22 Oktoba

Mvua. Papa Adalbert ameniambia rubani ndiye anayejibu kwa ndege, si ofisi. "Na batoto habana kilo, Domitille. Karatasi yetu iko safi." Nikasema ndiyo, papa.

Jumatano, 23 Oktoba

Wamemkamata Captain Raphaël. Alitoka hospitali na mkono wake kwenye plasta, wakamchukua mlangoni. Redio ilikuwa imeeleza kwamba aliruka nje wa kwanza na kuwaacha watoto, kwamba alinuka pombe. Captain hanywi hata bia ya Krismasi. Vijana wamerusha mawe nyumbani kwake mpaka mkewe, Nathalie, amehamia kwa dada yake.

Polisi walimuuliza, akasema: "Sikuonaka mutoto ata moja." Hervé alisoma maneno hayo hewani kwa sauti ya mtu anayeshika panya kwa mkia. Kisha akasema: "Rubani awakana malaika wanne."

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nilikuwa nausema msemo huo kwa watoto wa dada yangu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nimekwenda Mudaka, nione kwa macho yangu. Afadhali nisingekwenda.

Koko imelala kwenye kinamasi, mabawa ya kushoto yamekunjika kama mwavuli mbovu. Mvua ilikuwa inanyesha. Ndani ya maji kulikuwa na wanaume kama thelathini, wakulima wa pale, wameshikana mikono katika mstari mmoja, maji kifuani, wanapapasa matope kwa miguu hatua kwa hatua. Siku ya saba leo. Hakuna aliyewalipa na hakuna aliyewaita. Mihogo ya pembeni imekanyagwa yote na watu wanaokuja kutazama.

Mmoja alitoka kupumzika, midomo yake ya rangi ya majivu. Jina lake Papa Fabien, shamba lililokanyagwa ni lake. Nilimwambia pole ya mihogo.

"Mihogo itaota. Maman, weye unatokaka ku ville, ku muji mukubwa, pengine unajua. Mutoto mudogo, ule wa miezi sita, anaeleaka ao anazamaka? Tujue tutafute wapi."

Alikuwa ananiuliza kweli. Alingoja jibu, maji yanamtiririka kwenye ndevu. Nilisema sijui. Akanishukuru, akarudi majini.

Nimeosha miguu mara tatu na bado naona matope.

Ijumaa, 25 Oktoba

Wamepata mmoja. Kikwembe kimefungwa vizuri kama mama anavyofunga, na ndani yake betri na pakiti mbili za misumari. Mtu yeyote mwenye akili angeelewa saa ileile. Redio imesema: "Maajabu Mudaka: mtoto ageuka betri." Wakamwita mchungaji mmoja studioni, akaeleza kwa dakika arobaini jinsi wachawi wanavyobadilisha watoto angani. Sasa Captain si mlevi tena, ni mchawi. Wanasema ndege nzee kama ile haiwezi kuruka bila damu.

Nilimgongea Hervé ukutani, nyumba zetu zinagusana, akatoka mlangoni. Nikamwambia, "Hervé, uliwaza hata kidogo? Betri ni betri."

Akacheka. "Domitille, leo batu elfu makumi banasikiliza. Kesho nikisema ni betri tu, nani atasikiliza?" Kisha akaacha kucheka, akanitazama. "Kwani weye unajua kintu?"

Nikasema hapana. Mara ya tatu hii. Jogoo wa jirani hakuwika, lakini nilimsubiri.

Jumapili, 27 Oktoba

Padri Anaclet ametangaza Misa ya malaika wanne, tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote. Ameomba bamaman walete majina ya watoto yasomwe altareni. Watu walilia kwa sauti. Mimi sikupokea komunyo.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimepata ruhusa ya dakika kumi kumwona Captain mahabusu ya polisi. Nilibeba ugali na samaki. Nilipanga maneno tangu asubuhi, na nilipomwona viatu vyake havina kamba, maneno yote yakakimbia. Nikaanza kulia kama mjinga.

"Captain, nisamehe. Bale batoto..."

"Ninajua."

"Unajua nini?"

"Domitille, nimerusha ndege miaka makumi mbili na tatu. Mutoto wa kweli analiaka kama moteri inawaka. Bale habakuliaka ata siku moja."

Alijua tangu mwanzo. Aliwahesabia kilo kumi kila mmoja kichwani mwake, akapunguza mafuta kidogo, akaruka. Magunia yaliposhiba mvua, akaja kuniomba mizani, nami nikamcheka mbele ya watu.

"Na juu ya nini haukusema kwa polisi?"

"Nilisemaka sikuona mutoto. Ni kweli. Kusema bamaman babebaka betri, haikuwa kazi yangu. Bale bamaman beko na batoto ya kweli ku nyumba." Alikula kidogo, kwa mkono mmoja. "Na karatasi ni yako. Nilikuwa nakungojea weye."

Hakusema kwa hasira. Angenitukana ningepona. Askari akasema muda umekwisha, na mlangoni akaniambia kwamba Ijumaa Captain anahamishiwa gereza kuu.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimekwenda kwa Maman Chantal. Ametoka hospitali, amekaa kwenye mkeka nyumbani kwake nyuma ya soko, kifua kimefungwa bendeji, na amevaa nguo nyeusi. Hiyo nguo nyeusi ilinichukiza. Nilijiambia: huyu mwanamke ameanza kuuamini uongo wake mwenyewe. Niliongea kwa ukali. Nikamwambia kesho naenda kwa mwendesha mashitaka kueleza yote, aje nami au asije.

Aliuliza tu kama nimesikia majina yaliyopelekwa kwa padri. Nikasema sikusikia, na sitaki, ni majina ya sabuni na betri.

"La kwangu ni Hugues," akasema.

"Hugues nani?"

"Mutoto wangu. Mwaka makumi tisa na nane. Nilikuwa na miaka kumi na nane. Tulikimbiaka vita, tukatembea mu pori siku tisa, nikimubeba mugongo. Alikuwa na miezi munane. Siku ya tano akaacha kulia. Nikatembea naye tena siku moja, sababu niliwaza amelala." Alikuwa anatazama ukuta. "Tulimuzika karibu ya daraja. Tulikuwa nakimbia, hakuna mutu aliimba. Padri hakukuya, jina yake haikusomwaka pa fasi yoyote. Baba yake alisema tusimutaje tena. Sasa padri ananituma mutu, anauliza: maman, mutoto wako anaitwa nani? Nikasema Hugues."

Nimemjua mwanamke huyu miaka mitano. Nilijua bei ya sabuni yake, nilijua vichekesho vyake. Hili sikulijua.

"Domitille, siku mbili. Misa ipite. Aitwe mara moja mbele ya batu. Kisha wende useme, na miye nitakuya, banifunge. Siku mbili tu."

"Captain anaenda mu gereza kuu kesho."

"Captain ni muzima," akasema. "Siku mbili haiue mutu."

Nilimwambia nitaona. Nilimwachia tumaini hilo mkononi nikaondoka.

Ijumaa, 1 Novemba

Sikulala. Nilijaribu kupima: mwanaume asiye na kosa, siku mbili katika gereza ambamo kila mtu amesikia redio kwamba anakula watoto, na mama aliyengoja miaka ishirini na sita. Mimi na mizani! Sikuwahi kupima mtu, na leo nilitaka kupima wawili.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mwendesha mashitaka. Nilisema yote. Hakuna watoto, hapakuwa na watoto, "bb" ni kalamu yangu. Nikasema kilo pia: watoto wa uongo, vikwembe, maji ya magunia, na bamaman wenyewe ambao sabini zao ni tisini. Koko ilibeba karibu kilo mia tatu ambazo karatasi yangu haikuzijua. Aliandika kila neno. Mwisho akavua miwani akaniuliza: "Maman, na wale wanaume wa Mudaka wanaingia majini tangu wiki mbili kutafuta nini?"

Nikasema: "Hakuna kitu."

Akaniambia nisome na kutia saini.

Jumamosi, 2 Novemba

Kanisa lilijaa nusu tu. Habari ilikuwa imekimbia usiku. Padri Anaclet alisoma Misa ya marehemu wote kama kila mwaka, na majina manne hakuyasoma. Alisema kwa kifupi kwamba tumedanganywa na kwamba tusamehe.

Maman Chantal alikuwa kwenye benchi la tatu, amenyooka kwa sababu ya bendeji, amevaa ile nguo nyeusi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Niliona mabega yake wakati padri anafika kwenye majina, na niliona alipopita bila kusoma. Hakugeuka. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye, walewale waliompelekea uji, walihama benchi.

Jumatatu, 4 Novemba

Captain ametoka. Atajibu bado kwa ajali, lakini yuko nyumbani, na Nathalie amerudi. Mimi na bamaman tutaitwa baadaye. Papa Adalbert amenifukuza kazi kabla sijavua koti.

Redio imesahihisha. Hivi ndivyo ilivyosahihisha: "Genge la wanawake wasafirisha magendo lavunjwa, mkuu wao Domitille akiri." Baada yake tangazo la mafuta ya kupikia. Kuhusu Captain hakuna neno, wala kuhusu pombe, wala uchawi. Nilimgongea Hervé ukutani, akapandisha sauti ya muziki.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua. Nimekwenda Mudaka kumwambia Papa Fabien mwenyewe. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa anapanda mihogo upya na hakusimama. Nikachukua jembe la mke wake, nikalima mstari wake mpaka mchana. Hakunikataza na hakunishukuru.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwa Padri Anaclet, nimemweleza kuhusu Hugues, yule wa kweli. Akasema ataisoma Misa yake, Jumamosi ya tarehe thelathini, saa kumi na mbili asubuhi.

Nilipompelekea Maman Chantal habari hakunikaribisha ndani. Tuliongea mlangoni.

"Nani atakuya, Domitille? Ile ingine, Bukavu yote ilikuwa itakuya."

"Tutatangaza. Kwa redio, mu matangazo ya vifo. Jina lake, miezi yake, mwaka, daraja. Nitasimama pale mpaka basome muzuri."

Kisha akasema, "Basi baseme na jina ya baba yake."

Alhamisi, 28 Novemba

Hervé mwenyewe amelisoma tangazo. Nilikaa studioni mbele yake, nimeshika nakala ya pili mkononi. Alisoma polepole, kila neno sawa, hakuongeza na hakupunguza: Hugues, miezi minane, mwana wa Chantal na marehemu mume wake, naye akatajwa kwa jina lake, aliyefariki njiani mwaka 1998. Amelisoma mara tatu leo na atalisoma kesho. Tangu mwanzo wa mvua hizi ni habari ya kwanza niliyoisikia ikiwa kweli yote.

Jumamosi, 30 Novemba

Jana jioni kwenye bomba la maji nilisikia wanawake wanacheka. Mmoja alisema: "Munasikia redio? Bale bamaman ya betri banaanza tena. Leo mutoto anaitwa Hugues." Mwingine akasema huyu lazima ni wa misumari. Niliacha ndoo yangu haijajaa.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Kanisani tulikuwa watatu: Maman Chantal kwenye benchi la mbele, mimi nyuma yake, na Captain Raphaël na mkono wake kwenye plasta, viatu vyake vimepigwa rangi. Hakuna mwingine. Captain alisema alisikia redio.

Padri Anaclet alitoka saa kumi na mbili kamili, akatazama mabenchi, akatazama saa yake. Maman Chantal aligeuka, akautazama mlango. Padri akangoja. Nje watu walikuwa wanapita kwenda sokoni, tulisikia viatu vyao, na kila vilipokaribia mlango Maman Chantal alisogea kidogo kwenye benchi, kumpisha mtu. Nami ninajua ni kalamu ya nani iliyowafanya wapite.

Baada ya dakika kumi Maman Chantal mwenyewe akamwambia padri aanze.